Meneja Anayesomea Akili Mnemba Aanzie Kwenye Hasara

Kozi nyingi za uongozi wa akili mnemba katika biashara hufuata njia moja. Kwanza historia, kisha aina za modeli, yaani programu zinazojifunza kwa data ili zitabiri, kisha mifano ya kampuni kubwa za Marekani. Hesabu ya fedha huja mwishoni, ikija. Naona mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayesomea ufundi wa modeli aanze na modeli. Atakayeisimamia ndiye atakayesaini bajeti, atakayeitwa na bodi mambo yakiharibika na atakayejibu barua ya mdhibiti. Huyo aanze na swali hili: mashine ikikosea, kosa hilo lina bei gani, na nani analilipa?

Kwa swali hili Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mfano. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilianza Kenya Novemba 2012 kwa ushirikiano wa Safaricom na Commercial Bank of Africa. M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, benki ileile ikishirikiana na Vodacom. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wakopaji wa huku walikuwa wamekubaliwa na kukataliwa na mashine kwa miaka kumi, ndani ya sekunde chache, bila kumwona afisa wala kujaza fomu. Kwa hiyo tusome kwa mkopo wa simu. Ukiuelewa huo, utabiri wa mauzo, uchujaji wa maombi ya kazi na roboti ya kujibu wateja vitakuwa rahisi kuvifuata.

Hesabu ambayo kila meneja aifanye kwa mkono wake

Fungua Excel. Mkopo ni shilingi 5,000 za Kenya kwa siku 30, na ada ni asilimia 7.5, kiwango ambacho M-Shwari ilikuwa ikitoza. Anayelipa anakuachia shilingi 375. Asiyelipa anaondoka na 5,000. Idadi za watu zinazofuata ni za zoezi tu. Waombaji ni 10,000 na kati yao 800 hawatalipa. Ili hesabu iwe nyepesi, chukulia kuwa asiyelipa harudishi hata senti, na acha kando gharama ya mtaji.

Sasa anakuja muuzaji na modeli anayodai ni sahihi kwa asilimia 92. Modeli inayomwambia kila mtu "utalipa" bila kumtazama yeyote nayo ni sahihi kwa asilimia 92, kwa sababu waombaji 9,200 kweli watalipa. Ukiifuata, unapata 9,200 mara 375, yaani 3,450,000, na unapoteza 800 mara 5,000, yaani 4,000,000. Umebaki na hasara ya shilingi 550,000 huku ripoti ikisifu usahihi wa asilimia 92.

Chukua modeli ya pili. Inakataa watu 2,000 inaowaona hatari zaidi. Katika hao, 500 ni wale wasiolipa na 1,500 wangelipa bila shida. Waliobaki ni 8,000, wenye walipaji 7,700 na 300 watakaokukimbia. Mapato ni 2,887,500, hasara ni 1,500,000, na faida ni 1,387,500. Usahihi wake ni asilimia 82 tu, maana imepatia kwa watu 8,200. Modeli yenye usahihi mdogo kwa pointi kumi ndiyo inayolipa mishahara.

Sababu iko kwenye bei ya makosa. Kumpa mkopo mtu mmoja asiyelipa kunakula ada ya walipaji 13 na zaidi, ilhali kumkataa mlipaji mmoja kunakukosesha shilingi 375 pekee. Makosa mawili haya hayalingani, na neno "usahihi" huyahesabu kana kwamba yanalingana. Ukiendelea na hesabu utapata mahali pa kukata: gawanya 375 kwa 5,375, utapata karibu asilimia 7. Mwombaji ambaye uwezekano wake wa kutolipa unazidi asilimia 7 anakutia hasara kwa wastani, na aliye chini yake anakuletea faida. Badilisha ada iwe asilimia 10 na mstari unahamia karibu asilimia 9. Ukifanikiwa kukusanya nusu ya madeni yaliyokwama, mstari unapanda hadi karibu asilimia 13, hata kama modeli haijaguswa.

Mstari huo ni uamuzi wa biashara. Nimeona mara nyingi mno ukiachwa kwa kijana wa data, naye anauweka kwenye asilimia 50 kwa sababu programu huja na namba hiyo tangu kiwandani. Kwa mkopo wa namna hii, asilimia 50 ina maana kwamba karibu kila mtu anapita. Ukiwa na dakika tano tu na timu ya mafundi, uliza mstari umewekwa wapi na nani aliuweka.

Wale 1,500

Kuna watu 1,500 ambao wangelipa lakini wamekataliwa. Hesabu ya faida inawapita haraka, na matatizo ya baadaye mara nyingi hutokea kwao.

La kwanza ni la kiufundi. Uliyemkataa hutajua kamwe kama angelipa. Modeli ya mwakani itafundishwa kwa data ya waliokubaliwa pekee, na kosa la mwaka huu litakuwa limejifungia ndani. Dawa yake inajulikana na ina gharama: chukua asilimia 1 au 2 ya waliokataliwa, kwa bahati nasibu, uwape mkopo mdogo ili uone kinachotokea. Hasara yake iandikwe kwenye bajeti kama gharama ya kujifunza, ipitishwe na bodi mapema. Isipopitishwa, mtu wa fedha ataiona robo ya pili na kuifuta.

La pili ni kujua hao 1,500 ni akina nani. Wapange kwa jinsia, kwa mkoa au kaunti, kwa umri. Kuondoa safu ya jinsia kwenye data hakutoshi, kwa kuwa muda wa maongezi unaonunuliwa, saa za kutuma pesa na aina ya simu vinaweza kuisema jinsia kwa mlango wa nyuma. Amazon ilijifunza hili kwa kuchuja wasifu wa waombaji kazi. Mfumo wake, ambao shirika la habari la Reuters liliuandika Oktoba 2018, ulikuwa umefundishwa kwa wasifu wa miaka kumi uliotoka zaidi kwa wanaume, ukaanza kuwashusha alama walioandika neno lenye kuashiria wanawake, kwa mfano jina la klabu ya wanawake. Waliyarekebisha maneno yaliyoonekana, lakini hawakuwa na hakika kwamba mfumo hautapata njia nyingine ya kubagua. Timu ikavunjwa.

La tatu ni sheria. Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Pale uamuzi kama huo unaporuhusiwa, kampuni imjulishe kwa maandishi, naye anaweza kuomba uangaliwe upya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, umeziweka mashine za kupima ustahiki wa mkopo wa mtu binafsi kwenye kundi la hatari kubwa. Kwa meneja, haya yote yanaishia kwenye kazi moja: awepo mtu mwenye jina, mwenye muda na mwenye mamlaka ya kupindua uamuzi wa mashine, na ziwepo sababu ambazo mteja atazielewa. "Alama zako hazitoshi" haimwambii mteja chochote. "Umechelewesha mikopo miwili katika miezi sita iliyopita" inamwambia.

Data: mahali pa kuuliza maswali ya kijinga

Swali la kwanza ni tafsiri ya "asiyelipa". Ni aliyepitisha siku 30? 60? 90? Mtu anayelipa siku ya 45 pamoja na faini huenda ndiye mteja wako mwenye faida kuliko wote. Ukimweka kundi moja na aliyetoroka, modeli itajifunza kumfukuza. Ukisubiri siku 90 unapata jibu safi, ila kila unachokijua ni cha robo mwaka iliyopita. Fundi hawezi kulijibu swali hili peke yake. Wakae chini mtu wa mikopo, mtu wa fedha na mtu wa data, waandike tafsiri hiyo kwenye ukurasa mmoja na kuutia saini.

Swali la pili ni uvujaji. Ukiona modeli yenye matokeo mazuri kupita kiasi, kagua kila safu kwa swali hili: taarifa hii tulikuwa nayo sekunde mteja alipobonyeza "omba mkopo"? Idadi ya simu za kukumbushwa deni ni mfano wa kawaida. Inatabiri vizuri sana nani hatalipa, kwa kuwa wanaopigiwa simu ni wale ambao tayari wamechelewa. Siku ya kwanza kazini safu hiyo ni sifuri kwa kila mwombaji mpya, na modeli inapofuka. Kwa sababu hiyohiyo majaribio yafanywe kwa kufuata tarehe. Fundisha kwa Januari hadi Septemba, pima kwa Oktoba hadi Desemba. Ukichanganya miezi yote na kuchota kwa bahati nasibu, unaipa modeli majibu ya mtihani.

Swali la tatu ni wingi. Desturi ya zamani ya watu wa alama za mikopo ni kutafuta walau wakopaji 1,500 waliolipa na 1,500 walioshindwa. Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 4,000 na mikopo mibovu 120 hakina biashara ya kununua modeli. Kanuni tano zilizoandikwa vizuri na afisa anayewajua wanachama zitafanya kazi bora, kwa bei ndogo, na mkaguzi atazisoma bila mkalimani. Kumwambia mkurugenzi hivyo, hasa baada ya kutoka kwenye mkutano ambako kila mtu alizungumzia akili mnemba, ni sehemu ya uongozi wenyewe. Wachache hulifundisha.

Kuingiza kazini

Anza kwa kivuli. Modeli inatoa alama, maafisa wanaendelea kuamua kama zamani bila kuziona, na mwishoni unalinganisha. Kwa mkopo wa siku 30 unahitaji mwezi wa kutoa mikopo, mwezi wa kusubiri ilipwe, na siku za nyongeza kulingana na tafsiri yako ya kuchelewa. Miezi minne ni makadirio ya haki. Atakayekuahidi wiki tatu anapima kasi ya seva tu. Baada ya hapo ipe asilimia 5 ya maombi, kisha 20, huku mfumo wa zamani ukiendelea pembeni kama kipimo.

Kwa nini polepole? Zillow ya Marekani ilianza kununua nyumba mwaka 2018 kupitia Zillow Offers, ikitegemea modeli kukadiria bei na kuziuza tena. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo, ikapunguza robo ya wafanyakazi na kuandika hasara ya zaidi ya dola milioni 300 kwa nyumba zilizonunuliwa juu ya bei ambayo zingeuzika. Soko lilikuwa limebadilika kuliko modeli ilivyokadiria, na kampuni ilikuwa imekwisha kununua kwa wingi. Naongeza jambo ambalo mtu yeyote wa mikopo atalitambua. Mwenye nyumba anaijua nyumba yake kuliko modeli. Ukimpa bei ya chini anakataa, ukimpa ya juu anasaini haraka. Makosa ya modeli hayajisawazishi, yanajichuja hadi unabaki na yale yanayokuumiza. Kwenye mikopo ni vivyo hivyo: anayekubali ada ya juu bila kuuliza mara nyingi ni yule aliyekwisha kukataliwa kwingine.

Ikishaingia kazini, kuna ulinzi wa kila wiki. Kipimo cha PSI hulinganisha waombaji wa leo na wale waliofundishia modeli. Chini ya 0.1 kuna utulivu, kati ya 0.1 na 0.25 fuatilia, ikizidi 0.25 simamisha na uchunguze. Kipimo hiki kinakuambia watu wamebadilika kabla madeni hayajaanza kukwama, na hiyo ndiyo thamani yake. Ulipaji nao upimwe kwa makundi ya mwezi wa kukopa, si kwa jumla ya vitabu vyote, maana mikopo mipya ikiongezeka kwa kasi huficha mibovu kwa miezi kadhaa.

Kuna mabadiliko ambayo hakuna kipimo kitakachoyatabiri kwa sababu yanatoka kwenye ofisi ya mtu mwingine. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwaondolea wakopeshaji wa kidijitali ambao haikuwa ikiwasimamia ruhusa ya kupeleka taarifa za wakopaji CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Mei 2023 Google ilizizuia programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za kwenye simu ya mteja. Aliyekuwa amejenga modeli juu ya orodha ile alipoteza malighafi yake kwa tangazo moja, na sioni sababu ya kumsikitikia, kwani orodha hizohizo ndizo zilizotumiwa kuwapigia ndugu na mabosi wa wakopaji ili kuwaaibisha. Fanya zoezi hili na timu yako: orodhesha safu zote zinazoingia kwenye modeli, na mbele ya kila moja andika nani anaweza kuikata kesho. Ikiwa nusu ya nguvu ya modeli imekaa kwenye safu za mtu mmoja, hiyo ni hatari ya kupelekwa kwenye bodi.

Watu

Modeli iwe na mwenyewe. Mtu mmoja, anayetoka upande wa biashara, mwenye ruhusa ya kuizima usiku bila kuitisha kikao. Kamati haizimi kitu saa nane za usiku.

Maafisa waruhusiwe kuipindua, na kila kupindua kuandikwe pamoja na sababu. Ukisoma daftari hilo kila mwezi utajifunza mengi kuliko kwenye dashibodi. Wakipindua theluthi ya maamuzi, ama modeli ni mbaya ama haijaelezwa. Wasipopindua kabisa, usifurahi: huenda wamekuwa mhuri tu. Mtu anayeiona alama ya mashine kabla ya kusoma faili huwa ameshaamua. Mpe faili kwanza, aandike maoni yake, alama ije baadaye.

Jukumu haliwezi kusukumiwa mashine. Air Canada ilijaribu. Roboti kwenye tovuti yake ilimweleza abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ndani ya siku 90 baada ya tiketi kutolewa, jambo ambalo kanuni za kampuni hazikuruhusu. Kampuni ikadai kwamba roboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa hoja hiyo na kuiamuru ilipe fidia ya dola 650.88 za Kanada, pamoja na riba na ada. Fedha ni ndogo. Hoja ile ndiyo iliyosafiri dunia nzima.

Kwa hiyo roboti ya kujibu wateja nayo ipimwe kabla. Kusanya maswali 200 halisi ya wateja wako kama walivyoyaandika, kwa Kiswahili cha mtaani, kwa Sheng, kwa ufupisho wa SMS, na majibu sahihi yaliyothibitishwa na mtu wa huduma. Pima upya kila muuzaji anapobadilisha toleo. Na kwenye bajeti kumbuka kwamba modeli hizi hutoza kwa vipande vya maneno, na Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe uleule. Makadirio yaliyofanywa kwa maongezi ya Kiingereza yatakupa bili isiyo yako.

Usome nini, kwa mpangilio gani

Kwa msingi zinatosha kozi mbili za mtandaoni zisizohitaji kuandika programu: Elements of AI ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo ni bure, na AI for Everyone ya Andrew Ng. Zote zinapatikana kwa Kiingereza, na anayefanya kazi mchana atazimaliza ndani ya miezi miwili bila kujitesa. Usiongeze ya tatu ya aina hiyo. Rudia badala yake zoezi la Excel kwa namba za kampuni yako, kwa sababu hapo ndipo utagundua kwamba hakuna anayejua mteja mmoja aliyepotea anagharimu kiasi gani.

Kisha soma mwongozo wa usimamizi wa hatari za akili mnemba wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa Januari 2023. Haulipiwi, na umegawanywa katika kazi nne: kutawala, kuainisha mazingira, kupima na kushughulikia. Sehemu ya kupima ndiyo yenye nyama, nyingine zipitie haraka. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa akili mnemba, ISO/IEC 42001 cha Desemba 2023, kinafaa kampuni inayotaka cheti au inayouza kwa wateja wanaokidai. Kukianza kabla hamjawa na modeli hata moja kazini ni kununua kabati kabla ya nguo.

Mwisho soma mikataba, hasa ile ya wauzaji. Tafuta vifungu vinne. Data ya wateja wako inaweza kutumika kufundishia modeli ya mshindani? Utaarifiwa siku ngapi kabla toleo halijabadilishwa? Unaruhusiwa kuipima wewe mwenyewe kwa data yako, na kuwaonyesha wakaguzi matokeo? Na ukiondoka, unaondoka na nini: alama za zamani, sababu za kila uamuzi, daftari la maafisa waliopindua? Kifungu hiki cha nne ndicho kinachokosekana mara nyingi. Muuzaji hukikubali kwa urahisi kabla ya saini, na hukitoza bei kubwa mwaka wa tatu, pale mdhibiti anapoandika kuuliza kwa nini mteja fulani alikataliwa miezi 18 iliyopita.